Baladi si jina jingine la wimbo wa mapenzi

Wimbo wa roki ukishapigwa polepole, piano ikatangulia na gitaa likanong'ona, hakosi mtu wa kusema, "Huu ni wa wapenzi." Juzi nimeyasikia tena maneno hayo, na wimbo wenyewe ulikuwa "You've Got a Friend". Jina lake tu linasema una rafiki!

Baladi, kwa matumizi ya leo, ni wimbo wa mwendo wa pole unaoyapa maneno nafasi ya kusikika. Basi. Unaimbwa juu ya nini, hilo ni swali lingine.

Neno hili, kwanza, halina undugu na biladi ya Kiarabu, yaani nchi. Limetokea kusini mwa Ufaransa, ambako balada ulikuwa wimbo wa kuchezea, na nyuma yake kuna kitenzi cha Kilatini ballare, kucheza. Ndiyo, lilianzia miguuni. Lilipofika Uingereza na Uskoti likawa jina la nyimbo za kusimulia visa: vita, mauaji, mizimu, meli zilizozama. Maana ya wimbo wa taratibu ndiyo iliyochelewa kuja. Neno lililobeba maiti na majahazi halikuzaliwa kwa ajili ya wachumba.

"You've Got a Friend" aliutunga mwanamuziki wa Marekani Carole King, akautoa mwaka 1971 katika albamu ya Tapestry. Mwaka uleule mwimbaji mwenzake James Taylor naye aliurekodi, Joni Mitchell akiwa miongoni mwa waitikiaji, ukashika namba moja Marekani. Msikilize Taylor kwa makini. Wimbo wa mapenzi kwa kawaida humtaka mtu kitu: baki, rudi, nipende. Yeye haombi lolote. Anatoa ahadi moja, kwamba ukimwita atakuja, majira yoyote ya mwaka, na sauti yake haipandi kumshawishi mtu. Mimi hapo ndipo uzuri wa wimbo unaponishika.

Kiswahili nacho kinatusaidia. Rafiki limetoka katika rafiq ya Kiarabu, mwenzi wa safari, na mzizi wake ndio uliozaa rifq, upole. Upole na urafiki ni ndugu tangu zamani.

Kwa hiyo mwenzangu, ukiuita baladi hujakosea hata kidogo. Ila ukiulizwa ni baladi ya nini, sema ya urafiki.