Ukiambiwa "Umekwisha", Furahi: Kula Vyakula vya Kienyeji Safarini

Mara ya mwisho nilipopita Moshi kikazi niliingia kwenye mgahawa mdogo karibu na soko, yapata saa nne na nusu asubuhi, nikaagiza mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama. Mama aliyekuwa akikwangua sufuria hakuinua hata kichwa. "Umekwisha, mwanangu. Mtori ni wa asubuhi. Kesho uje kabla ya saa tatu." Jamaa aliyekuwa nyuma yangu akaguna, akatoka zake. Mimi nilikaa nikaomba chai, na moyoni nikampa yule mama alama zote. Kwa ofisa afya hakuna neno tamu jikoni kama hilo. Chakula kilichokwisha saa nne hakitanitafuta saa kumi kikiwa kimepoa, kimepashwa, kimepoa tena.

Kila likizo inapokaribia, watu hutuuliza swali moja: nile nini safarini nisije nikaumwa tumbo? Wengi hutarajia tuwaambie wale chipsi, biskuti na soda mpaka warudi nyumbani. Hapana. Ukienda Kigoma ukarudi hujaonja mgebuka, samaki wa Ziwa Tanganyika, hukwenda Kigoma. Tena kwa uzoefu wetu, chakula cha wenyeji, kikiliwa mahali pake, kwa saa yake na kwa namna wenyewe wanavyokila, mara nyingi ni salama kuliko kile cha "wageni" kilichoandaliwa kikisubiri yeyote atakayetokea.

Mfano uko njiani tu. Basi linasimama, kondakta anapiga kelele "dakika kumi, dakika kumi!", abiria wanashuka mbio. Mbele yao kuna kabati la vioo lenye balbu moja ndani: mapaja ya kuku, soseji, mayai, chipsi za tangu alfajiri. Balbu ile inapendezesha rangi, basi, haihifadhi chakula. Vimelea vya magonjwa hustawi kati ya nyuzi joto 5 na 60, na kabati lenye uvuguvugu liko katikati kabisa ya hapo. Kanuni ya kimataifa ni kwamba chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili. Kwa jua la Chalinze au Same, mimi ningesema moja. Hatua chache kutoka hapo utamkuta kijana anachoma mahindi juu ya mkaa, na mwingine ana beseni la machungwa ya Muheza. Hindi limetoka motoni mbele ya macho yako. Chungwa limekuja na ganda lake, na wewe ndiye utakayelimenya.

Mabafe ya hotelini hayajasalimika. Nimeshakuta vyombo vya kung'aa vyenye wali wa mchana ukingoja wageni wa jioni juu ya kijimshumaa kisichoweza kupasha hata chai. Wali na pilau vina jambo lake: kuna bakteria ambaye mbegu zake hazifi kwa kuchemsha, na wali ukiachwa upoe polepole zinaamka, zinazaliana na kutoa sumu. Sumu hiyo haiondoki hata ukiupasha upya mpaka ukafuka moshi. Kwa hiyo pilau la harusi linaliwa harusini. Kiporo cha sufuria kubwa kilicholala mezani mwachie mwenyewe.

Turudi kwa mama wa mtori. Ndizi mbichi, mara nyingi aina ya mshare, huchemshwa na nyama ya mifupa mpaka zilegee, kisha hupondwa kwa mwiko, kikabaki kitu kizito kati ya supu na uji. Uchagani mama aliyejifungua hupewa huo apate nguvu. Sufuria inachemka tangu usiku, bakuli linachotwa likifuka. Hapo mdudu hana pa kukaa. Supu ya makongoro ya mijini ni vivyo hivyo, na ndiyo maana nayo ni ya asubuhi. Machalari (ndizi na nyama) na kiburu (ndizi na maharage) utavipata mchana. Kwa hiyo ukishuka kwenye mji usioujua, usiulize tu "chakula gani kitamu hapa?" Uliza "saa hizi watu wa hapa wanakula nini?" Utaona jinsi sura ya mwenyeji inavyobadilika.

Hapohapo Kilimanjaro utakaribishwa mbege. Ndizi mbivu huchemshwa kwa saa nyingi, huachwa zichachuke kwa siku kadhaa, kisha huchanganywa na uji wa kimea cha ulezi, na magome ya msesewe ndiyo yanayotia ule uchungu. Uchachu wenyewe huzuia vimelea vingi. Wasiwasi wangu uko kwenye kata moja inayozunguka watu kumi, na kwenye maji yaliyoongezwa baada ya kupika. Kuomba kikombe chako si kuwadharau wenyeji. Sema "aika", yaani asante kwa Kichaga, na unywe. Ila usichanganye mbege na gongo. Pombe iliyokenekwa vichochoroni inaweza kuwa na methanoli, nayo hupofusha macho na kuua, na kwa kuionja huwezi kujua. Na ukiletewa kisusio, supu ya mbuzi yenye damu, kubali kama mnyama amepimwa na mtaalamu wa mifugo na supu imechemka hasa. Kimeta bado kipo katika maeneo ya wafugaji, na mara nyingi huanzia kwa mnyama aliyekufa mwenyewe, nyama ikagawanwa kwa huruma ya kutotupa.

Pwani, saa zinageuka. Unguja ukitaka urojo, subiri alasiri. Ule mchuzi wa njano wenye ukali wa embe mbichi au ndimu, ndani yake bajia, kachori, viazi, mishkaki, juu chatne, pilipili na chipsi za muhogo zilizokwanguliwa nyembamba, unatengenezwa kila bakuli kivyake mbele yako. Mimi humtazama muuzaji mikono: huyohuyo anayepokea pesa ndiye anayevunja bajia kwa vidole, au yuko mtoto wa kupokea pesa pembeni? Hilo linanieleza zaidi kuliko cheti cha ukutani. Ukiona chatne iko kwenye kopo lililofunikwa na kijiko chake humo, kaa.

Mwezi wa Ramadhani mgeni hujikuta mchana hana pa kula, akalalamika. Kula hadharani mchana ni kuwakosea wenyeji, na kwa kweli anayesubiri hapotezi kitu. Magharibi ikiadhiniwa ndipo Unguja na Pemba, Mombasa na Lamu zinapopika kwa moyo: mihogo na magimbi ya nazi, tambi, kaimati, uji wenye pilipili manga, samaki wa kukaanga. Vyote vimeiva ndani ya saa ileile, na vyote vinaliwa palepale. Na ukipita penye watu wanakula ukaambiwa "karibu", si lazima uketi. Jibu "starehe", na adabu imetimia.

Samaki nao wana saa yao, ile ya mashua kufika. Jicho liwe limevimba na kung'aa, matamvua mekundu, na ukibonyeza nyama irudi. Jodari na vibua vikikaa juani bila barafu hujenga kemikali iitwayo histamini, ambayo haiondoki kwa kukaanga wala kuchemsha. Mtu anakula, na ndani ya dakika chache mpaka saa moja uso unamuwaka, mdomo unamwasha, moyo unamwenda mbio. Wengi hudhani wana mzio wa samaki, wakaacha kumla maisha yao yote, kumbe kosa lilikuwa la jua.

Kasa ni habari nyingine kabisa. Machi 2024, katika Kisiwa Panza, Pemba, watoto 8 na mtu mzima mmoja walifariki baada ya kula nyama ya kasa, na wengine kadhaa wakalazwa. Nyama yake wakati mwingine hubeba sumu kali isiyoonekana, isiyo na ladha, na isiyoondoka motoni. Kasa analindwa na sheria pia, lakini hata pasingekuwa na sheria ningesema vilevile: ukikaribishwa, kataa kwa upole na usimpe mtoto. Bunju vilevile, yule samaki anayejijaza kama puto.

Kusini, Mtwara na Lindi, tafuta ming'oko, mizizi ya porini inayochemshwa na kuuzwa barabarani kwa chumvi na pilipili. Wageni wengi huipita bila kuijua. Ni pale pia unapojifunza kwamba utaratibu wa kupika ni sehemu ya chakula chenyewe. Muhogo mchungu una sumu ya sianidi, na bibi zetu waliijua bila maabara: wanamenya, wanaloweka siku kadhaa, wanaanika mpaka makopa yakauke ndipo wanatwanga unga. Pale njaa ilipowalazimu watu kuruka hatua hizo, wengine waliishia kupooza miguu kwa ugonjwa wa konzo. Kisamvu nacho hutwangwa sana na kuchemshwa sana, na kile kinu si pambo la kupigia picha. Ukitaka kujaribu nyumbani, usifupishe. (Wale wauzaji wa Dar wa muhogo mbichi na vipande vya nazi hutumia muhogo mtamu. Sifa nyingine wanazoutangazia wanazijua wao.)

Bukoba msimu wa senene ukiingia, karibu na Novemba na Desemba, mji mzima unanukia kikaango. Hunyonyolewa mbawa na miguu, kisha hukaangwa kwa mafuta yao wenyewe na kitunguu kidogo. Protini nzuri sana. Lakini kama kamba wa baharini hukuletea mzio, onja kwa tahadhari au acha, kwa kuwa wadudu na kamba wana protini zinazofanana.

Kuhusu maji nitasema kwa ufupi: barafu ni maji tu, na kuganda hakuui vimelea. Juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi iombe bila barafu, na uitazame miwa inavyosafishwa. Kunawa, ile desturi ya zamani ya kumiminiwa kwa birika inashinda beseni linalozungushwa mezani, ambamo wa kwanza ananawa na wa sita anachovya uchafu wa watano. Pakiwa na beseni tu, omba umiminiwe kwa jagi. Hakuna atakayeudhika.

Na ukiharisha licha ya yote? Mara nyingi huisha ndani ya siku chache. Kinachoua ni kukauka maji mwilini, si kuhara kwenyewe. Tembea na pakiti mbili tatu za ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, kutoka duka la dawa na uchanganye kwa kipimo cha maji kilichoandikwa kwenye pakiti. Ukizikosa, chukua lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi, unywe kidogo kidogo. Usizidishe chumvi. Nenda kituo cha afya mara moja ukiona damu, homa kali, choo kinachofanana na maji ya mchele, au mtoto amelegea na halii machozi. Usianze antibayotiki kwa kuambiwa na jirani wa kwenye kiti.

Mwisho ni zawadi, maana hakuna arudiye mikono mitupu. Dagaa na migebuka wawe wakavu kweli, wasiwe na unyevu mkononi, na wasafiri kwenye kikapu au mfuko unaopitisha hewa. Karanga zimimine kiganjani kabla ya kulipa; zilizosinyaa, zenye ukungu au rangi ya kijani usizikubali hata kwa bei ya bure, kwa sababu sumukuvu, sumu inayotengenezwa na ukungu, haiondoki kwa kukaanga. Mwaka 2004 sumu hiyo kwenye mahindi iliua watu 125 mashariki mwa Kenya. Asali ya Tabora ibebe bila hofu, ila kama nyumbani kuna kichanga ambaye hajatimiza mwaka mmoja, usimlambishe hata kwenye ncha ya kidole. Asali safi kabisa inaweza kuwa na mbegu za bakteria ambazo utumbo wa mtoto huyo haujaweza kuzimudu. Mama yake ataichanganya kwenye chai yake mwenyewe, na mtoto atangoja birthday ya kwanza.