"Eleza" si ruhusa ya kumwaga kila ukijuacho

Wiki hii nimesahihisha rundo jingine la karatasi za sayansi, na kwa mara nyingine nimekutana na imani ile ile: kwamba kitenzi kinachoanzisha swali ni pambo, na kwamba anayeandika mengi ndiye anayevuna alama nyingi. Aliyeambiwa "Taja gesi inayotolewa wakati wa usanisinuru" amejaza nusu ukurasa kuhusu klorofili, ilhali neno moja, oksijeni, lingemtosha. Taja ni taja. Kokotoa hudai hatua zionekane na jibu liwe na kizio chake, na hilo sitalirudia.

Kinachonikera hasa ni "eleza". Chukua grafu ya barafu inayopashwa moto: jotoridi linapanda kutoka nyuzi 10 chini ya sifuri hadi nyuzi 0, linatulia hapo kwa muda ingawa moto haujazimwa, kisha linaendelea kupanda. Swali "Elezea umbo la grafu" linataka hayo hayo niliyoyasema, pamoja na namba zilizosomwa kwenye grafu, basi. Swali "Eleza kwa nini mstari umelala kwenye nyuzi 0" linataka sababu: nishati inayoingia wakati huo inatumika kulegeza nguvu zinazozishikilia molekuli mahali pake, haiongezi mwendo wake, nalo jotoridi hupanda pale tu mwendo huo unapoongezeka. Anayejibu "kwa sababu barafu inapoyeyuka jotoridi halibadiliki" amenirudishia swali langu mwenyewe, kalivisha tu "kwa sababu", kisha analalamika kwamba ameonewa.

Lakini sina budi kukiri kwamba Kiswahili chenyewe hakitusaidii sana hapa. Kwa wazungumzaji wengi "eleza" na "elezea" ni kitu kimoja, na "maelezo" hubeba yote mawili, kusimulia kilichoonekana na kutoa sababu zake. Niliwahi kutunga swali "Eleza mabadiliko ya jotoridi", nikawanyima alama waliosimulia tu, na leo sina hakika kama niliwatendea haki. Siku hizi huandika "eleza kwa nini" au "elezea kinachotokea". Mtungaji asipofanya hivyo, tazama alama zilizo kwenye mabano: swali la alama 1 ni nadra kudai mlolongo wa sababu, lakini la alama 3 mara nyingi halitosheki na sentensi moja.

"Linganisha" nalo lina mtego wake. Anayeandika "Ateri ina ukuta mnene" na kuishia hapo ameielezea ateri, vena hajaigusa. "Ukuta wa ateri ni mnene kuliko wa vena" ndiyo sentensi yenye alama. "Tofautisha" hutaka tofauti peke yake, "linganisha" hupokea na mfanano.

"Pendekeza" huachwa wazi kwa kisingizio kwamba jambo hilo halikufundishwa darasani. Mtahini anajua halikufundishwa. Ndiyo maana hakuandika "taja".

Kuhusu "jadili" katika karatasi ya sayansi, niliwahi kuketi na wasahihishaji wenzangu wawili, mwongozo mmoja mbele yetu, na jibu lile lile tukalipa alama 2, 4 na 5.