Kisanduku cha wifi ukutani ni kompyuta: jinsi ya kukiwekea OpenWrt na kuwatenga wageni na wenyeji

Mama mmoja mwenye steshenari karibu na chuo alikuja kwenye kitengo chetu cha TEHAMA amebeba ruta aliyoizungushia kitenge. "Mwanangu," akasema, "printa yangu inachapa vitu nisivyojua vinatoka wapi."

Wifi ya dukani kwake ilikuwa ya wote. Wanafunzi wanaosubiri kazi zao walisoma nywila iliyobandikwa ukutani, wakaingia. Simu ikishaingia inaiona printa, inaiona kompyuta ya kaunta, na inaliona folda lenye CV, nakala za vyeti na picha za vitambulisho vya wateja wa miaka yote. Hapakuwa na mdukuzi wala kirusi. Ruta ilifanya ilivyopangwa kufanya tangu kiwandani: aliye upande wa ndani ni mwenyeji, amwone kila mtu.

Makala hii inaeleza tulivyomsaidia, kwa kutumia ruta ndogo yenye OpenWrt, mfumo huru unaowekwa kwenye ruta badala ya ule wa kiwandani. Kazi hii inamfaa mtu wa ofisi ndogo, zahanati, shule au duka, alimradi awe mvumilivu na asiogope kusoma maelekezo mara mbili.

Kwanza tuielewe ruta yenyewe. Ina prosesa, ina RAM, ina hifadhi, na ruta nyingi za nyumbani zinaendeshwa na Linux hata kama haijaandikwa popote kwenye boksi. Watu walilitambua hilo kupitia ruta ya Linksys iitwayo WRT54G, iliyoingia sokoni mwishoni mwa 2002. Leseni ya Linux inamtaka anayesambaza mfumo huo autoe pia msimbo wake, kwa hiyo mwaka 2003 kampuni ikautoa. Mwaka uliofuata mradi wa OpenWrt ukaanza, na herufi "Wrt" katika jina lake zimetoka kwenye ruta hiyohiyo. Mwaka 2016 baadhi ya watengenezaji walijitenga wakaanzisha LEDE, na mwanzoni mwa 2018 pande mbili zikarudi nyumba moja.

Faida kubwa ya kubadili mfumo ni masasisho. Kiwanda kikishauza toleo jipya, ruta ya zamani huachwa ilivyo, na mashimo yake yakigunduliwa hakuna wa kuyaziba. Mwaka 2016 programu haribifu ya Mirai iliteka kamera na ruta duniani kote kwa kujaribu tu nywila za kiwandani ambazo wenyewe hawakuzibadilisha. Mwaka 2018 ikaja VPNFilter, iliyoingia kwenye vifaa visivyopungua 500,000 katika nchi 54. Mwenye ruta hajui lolote. Intaneti inaendelea kufunguka kama kawaida.

Sasa tuje kwenye kifaa. Hapa ndipo wengi wanapotupa hela zao, kwa hiyo nitakaa kidogo. Ruta ya mama yule ilikuwa na hifadhi ya MB 4 na RAM ya MB 32. Vifaa vya namna hiyo OpenWrt iliviacha baada ya toleo la 19.07, na hata MB 8 kwa 64 ni kujibana. Nunua yenye hifadhi ya MB 16 na RAM ya MB 128 au zaidi. Za mitumba zipo na zinafanya kazi vizuri. Kabla ya kulipa, igeuze uangalie chini. Kwenye stika kuna jina la modeli, na pembeni kuna v1, v2 au v3. Kiherufi hicho usikidharau. Ruta mbili zenye jina moja na sura moja zinaweza kuwa na prosesa tofauti kabisa ndani, moja inapokea OpenWrt na nyingine haipokei. Tovuti ya mradi ina jedwali la vifaa. Tafuta modeli pamoja na toleo lake. Usipoliona, mrudishie muuzaji ruta yake.

Mwenye uwezo kidogo anaweza kuagiza OpenWrt One, iliyotoka mwishoni mwa 2024 kwa dola 89. Ina RAM ya GB 1, na ina hifadhi ndogo ya pembeni ambayo kazi yake ni kukifufua kifaa mambo yakiharibika. Kile kisanduku cha 4G au cha faiba ulichopewa na kampuni ya intaneti kiache. Mara nyingi kimefungwa na pengine si mali yako. Ruta yako utaichomeka nyuma yake.

Kuweka mfumo mpya, au kuflashi kama mafundi wa simu wanavyosema, ni jambo la dakika chache. Unapakua faili la modeli yako. Lenye neno "factory" ni la kutokea mfumo wa kiwandani, na lenye "sysupgrade" ni la ruta ambayo tayari ina OpenWrt. Linganisha sha256 ya faili, yaani mfuatano wa herufi na namba unaolitambulisha, na ile iliyoandikwa kwenye tovuti, maana upakuaji wa mtandao wetu huu unaweza kukatika katikati bila kukuambia. Kisha ingia ukurasa wa usimamizi kwa waya, usitumie wifi, ulipandishe.

Halafu kuna umeme. Mimi mwenyewe nusura niipoteze ruta kwa kuiamini siku yenye jua zuri. Umeme ulikatika sekunde ya arobaini hivi, taa zote zikazimika, na uliporudi taa moja tu ikawa inapepesa. Bahati yake, modeli ile ina njia ya uokoaji. Ukishikilia kitufe cha nyuma wakati wa kuiwasha, inaitafuta kompyuta yenye anwani 192.168.0.66 na kuomba faili kwa njia iitwayo TFTP. Nilikesha nayo, saa nane usiku ikaamka. Tangu hapo siflashi kitu bila UPS, yaani betri ya akiba inayoshika umeme ukikatika. Ruta nyingi ndogo zinatumia volti 9 au 12, kwa hiyo hata kile ki-UPS kidogo cha ruta kinachouzwa madukani kinatosha.

Ruta ikishawaka na OpenWrt, usishangae kutoiona wifi. Imezimwa makusudi, ili isiwepo hewani bila nywila. Chomeka waya, fungua 192.168.1.1 kwenye kivinjari, ingia kwa jina la root bila nywila, na jambo la kwanza kabisa weka nywila. Wifi utaiwasha baadaye, na utakapoiwasha chagua nchi uliyopo, maana masafa na nguvu zinazoruhusiwa hutegemea nchi.

Mtego wa kwanza uko hapohapo. Visanduku vingi vya kampuni navyo vinatumia 192.168.1.1. Ukichomeka ruta yako nyuma yake, pande zote mbili, ya nje na ya ndani, zinakuwa na anwani za mtaa mmoja, na ruta haijui pakiti, yaani kifurushi cha data, iende kushoto au kulia. Intaneti haifiki, na mtu anaanza kulaumu mfumo mpya. Badilisha upande wa ndani uwe 192.168.20.1 kwanza, ndipo uchomeke. Ukurasa wa usimamizi, unaoitwa LuCI, una busara moja ninayoipenda: ukibadilisha jambo la kukufungia nje, unakusubiri sekunde 90 uingie upya, na usipoonekana unarudisha mpangilio wa zamani.

Kuhusu fayawoli, mfano wa sanduku la posta unanisaidia sana darasani. Shule nzima ina S.L.P. moja. Barua zote za nje zinakuja kwenye namba hiyo, na karani ndiye anayejua hii ni ya mwalimu mkuu na ile ni ya mhasibu. Ruta hufanya vivyo hivyo: vifaa vyote vya ndani hutoka kwa anwani moja, na yeye anakumbuka nani aliomba nini. Fayawoli ni yule mlinzi wa getini mwenye daftari. Anayetoka ndani anaandikwa na anaruhusiwa kurudi. Anayegonga kutoka nje bila kuwa kwenye daftari anarudishwa. Hii OpenWrt inakupa tayari, bila wewe kugusa kitu. Upande wa nje umefungwa, upande wa ndani uko huru.

Shida ya steshenari haikuwa getini. Ilikuwa sebuleni, kwa wageni ambao tayari wamekaribishwa. Kwa hiyo tulijenga chumba cha pili. Tukaunda mtandao mpya wenye anwani 192.168.30.1, tukaupa wifi yake yenye jina lake, na hapa antena ileile moja inaweza kurusha majina mawili. Kisha tukaunda kanda mpya ya fayawoli, yaani kundi lenye kanuni zake, kwa ajili ya wageni, tukairuhusu kupitisha kwenda nje tu. Kwenda kanda ya ndani haikupewa ruhusa, na kisichopewa ruhusa hakipiti. Wageni kuongea na ruta yenyewe nako tukakukataa, maana mteja ana shughuli gani na ukurasa wa usimamizi?

Tukajaribu kwa simu. Ikaunganishwa, ikazunguka, ikaandika kwamba imeshindwa kupata anwani. Kila anayejifunza hukwama hapa, na sababu yake ni nzuri kuijua. Simu mpya haina anwani. Inaiomba kwa ruta kupitia poti 67, yaani mlango wenye namba wa kupitishia mazungumzo ya aina moja. Ikishapata, inaiuliza ruta jina la tovuti fulani liko wapi kupitia poti 53. Sisi tumeshamwambia mlinzi akatae mazungumzo yote, naye kakataa hata salamu. Tukaongeza kanuni mbili tu, za kuruhusu poti 67 na 53 kutoka kanda ya wageni, na simu ikapata anwani palepale. Mwisho tukawasha kipengele cha kuwatenga wageni wenyewe kwa wenyewe, simu ya huyu isiione ya yule.

Lakini kuna mlango wa nyuma ambao hata mafundi husahau. Kwa ruta yako, kisanduku cha kampuni kiko "nje", na wageni wameruhusiwa kwenda nje. Kwa hiyo bado wanaweza kufungua 192.168.1.1 ya kisanduku kile, na kama printa imebaki imechomekwa huko, wataiona kama zamani. Hamishia vifaa vyote vya duka kwenye ruta mpya, zima wifi ya kisanduku, na ongeza kanuni ya kuwakatalia wageni anwani zote za 192.168.1.0/24, yaani zote zinazoanza na 192.168.1. Nisingeiacha kazi bila kanuni hiyo.

Kuna watakaotaka kuiona kamera ya dukani wakiwa nyumbani, wafungue poti, wasubiri, wasione kitu. Mitandao mingi ya simu humpa mteja anwani ya kushirikiana na wengine, mara nyingi inayoanzia 100.64 hadi 100.127, na hapo hata ungefungua poti zote hakuna wa nje atakayekufikia. Njia safi ni handaki la WireGuard, yaani njia ya faragha iliyosimbwa ndani ya intaneti, kupitia seva ndogo ya kukodi. Na hata kama una anwani ya wazi, kamera usiifungulie poti. Zile za Mirai zilitekwa hivyohivyo.

Kitu kimoja zaidi kilimfurahisha mama kuliko fayawoli yote. Mwanafunzi mmoja akipandisha video, duka zima lilikuwa linasimama. Tukaweka SQM, inayopanga foleni ili pakiti ndogo za haraka zisikwame nyuma ya mafurushi. Siri yake ni kuiambia kasi pungufu kidogo ya ile uliyoipima: kama laini ni Mbps 10, weka 9. Kwenye faiba inapendeza mno. Kwenye 4G, ambako kasi ya asubuhi si ya jioni, pima saa ya msongamano na utumie namba hiyo.

Kabla hajaondoka tulipakua nakala ya mipangilio, ikahifadhiwa kwenye flashi. Toleo jipya la mfumo likitoka, litapandishwa kwa faili la "sysupgrade", na nakala hiyo itakuwa mkononi. Chini ya ruta tukabandika kipande cha gundi ya karatasi kilichoandikwa kwa kalamu: modeli, toleo la mfumo, 192.168.20.1, na tarehe. Nywila hatukuiandika hapo. Ile karatasi ya ukutani aliichapa upya mwenyewe, kwa herufi kubwa, yenye jina la wifi ya wageni.