Tundu kwenye jino ambalo halijaota

Mzazi akiambiwa gego la mwanawe lina tundu ilhali bado limo ndani ya taya, huanza kuzilaumu pipi. Pipi hazina kesi hapa. Jino lililofunikwa na ufizi na mfupa, bakteria wa mdomoni hawalifikii, hivyo haliwezi kuoza kwa njia tuliyoizoea. Kinachotokea ni kwamba seli za jamii ya zile zinazomung'unya mfupa hupenya kwenye taji la jino (sehemu yake ya juu) na kula dentini, tabaka la ndani lililo chini kidogo tu ya enameli, gamba gumu la nje. Meno yaliyolala vibaya ndani ya taya huonekana kuwa hatarini zaidi.

Kasoro hii si ya ajabu kama wengi wetu tulivyodhani. Tafiti zilizotumia picha za eksirei za panorama huikuta kwa takriban watu 3 kati ya 100. Zilizotumia picha ndogo za kung'ata, ambazo mgonjwa hupigwa huku akiuma kishikio, takriban 6. Kwa kawaida huwa ni jino moja tu. Panorama hutandaza taya zote mbili kwenye picha moja, na doa dogo humezwa na vivuli. Picha za pande tatu huonyesha mengi zaidi, lakini simwagizii mtoto mionzi ya ziada kwa ajili ya kuwinda doa tu.

Ninachosisitiza ni kuzisoma vizuri picha tulizokwisha kupiga. Tukipiga panorama kwa sababu ya meno yaliyobanana, macho yetu huishia kwenye mpangilio. Shuka mpaka kwenye mataji ambayo hayajachomoza, hasa ya magego ya chini, utafute kivuli cheusi kinachogusa enameli kwa ndani. Ila tahadhari: kishimo cha kawaida upande wa shavu nacho hutoa doa linalofanana nacho.

Doa likiwa dogo na halikui, tunasubiri. Jino likitokeza tu, tunalifungua na kuliziba bila kuchelewa, hata kama kwa juu linang'aa na halina mkwaruzo. Bakteria wakiingia kupitia mifereji ya juu ya jino, wanakuta shimo tayari, na kiini cha jino, penye neva na mishipa ya damu, kiko karibu. Doa likikua kuelekea kwenye kiini, tunapiga ganzi na kufunua ufizi mapema. Ndani mara nyingi hukuti uozo wa kahawia, bali kinyama laini kinachovuja damu. Tunakikwangua chote, kisha tunaziba.