Laini kwenye mifi na rauta: kuiweka, kuitoa, na kwa nini inagoma kusoma

Laini, ile kadi ndogo ya plastiki yenye kipande cha rangi ya dhahabu, ni kitambulisho cha mteja. Chipu yake imebeba namba ya utambulisho yenye tarakimu 15, ambayo kwa laini za Tanzania huanza na 640, pamoja na ufunguo wa siri ambao mtandao hutumia kuhakikisha anayeomba huduma ni yeye kweli. Bando halikai humo. Linahesabiwa kwenye mitambo ya kampuni, ndiyo maana ukihamisha laini kutoka kwenye simu kwenda kwenye mifi, GB zilizobaki zinahama nayo, isipokuwa kifurushi kilichofungwa kwa rauta maalumu.

Mifi (kile kifaa kidogo cha betri kinachosambaza Wi-Fi), rauta ya laini na modemu ya USB zote zinasoma kadi kwa njia moja: vijisindano vya chuma vyenye springi vinagusa ile sehemu ya dhahabu, kimoja kikipeleka umeme, kingine taarifa, kingine mapigo ya saa. Kimoja tu cha muhimu kikikosa kugusa, kifaa kinaandika NO SIM hata kama umenunua bando la mwezi mzima asubuhi hiyo.

Anza na ukubwa wa kadi. Laini kubwa ya kawaida ni milimita 25 kwa 15, ya kati (maikro) 15 kwa 12, na ndogo (nano) 12.3 kwa 8.8. Rauta na mifi nyingi za zamani zinataka kubwa au ya kati, wakati laini unayoitoa kwenye simu siku hizi ni nano. Laini mpya huja na mikato yote mitatu kwenye kadi moja, kwa hiyo ukiinunua kwa ajili ya mifi, angalia kwanza tundu la kifaa kabla ya kumwachia wakala aikate mpaka nano. Tena, laini ya zamani iliyochongwa kwa mkasi ina shida nyingine: unene wake ni milimita 0.76 na nano ni 0.67. Tofauti inaonekana ya kudharau, lakini inatosha kuikwamisha ndani ya trei. Laini kama hiyo ni heri kuirenyua, yaani kupewa kadi mpya yenye namba ileile.

Kabla ya kufungua chochote, zima kifaa. Rauta ya mezani ichomoe kwenye umeme. Mifi shikilia kitufe cha kuwashia mpaka taa zote zizime. Vifaa vingi vya aina hii husoma laini mara moja tu, wakati vinawaka, hivyo ukibadilisha kadi kikiwa hewani kitaendelea kulalamika mpaka ukizime. Na ukiichomoa wakati chipu inaandika kitu, unaweza kuharibu kumbukumbu yake.

Kwenye mifi nyingi sehemu ya laini iko chini ya betri. Ingiza ukucha kwenye pengo la mfuniko wa nyuma, inua, toa betri, utaona kibati chenye mchoro mdogo wa kadi iliyokatwa kona. Huo mchoro ndio wa kuufuata, usikariri ulivyofanya kwenye kifaa cha jirani. Mara nyingi upande wa dhahabu hutazama chini, ila kwenye rauta za kusimama unaweza kutazama popote. Kibati kikiwa cha bawaba, kisukume kidogo kuelekea mshale wa kufungulia, kiinue, laza laini, kishushe, kisha kirudishe mpaka kijifunge. Kikiwa cha kuteleza, isukume kadi taratibu chini yake. Haihitaji nguvu, ikigoma, umeigeuza.

Aina ya springi huonekana zaidi pembeni mwa modemu na rauta. Sukuma laini kwa ukucha mpaka isikike “tik”. Kuitoa ni kuisukuma tena, itaruka yenyewe. Wanaoivuta kwa kibano ndio wanaovunja springi.

Angalizo kuhusu matundu madogo: kwenye mifi, tundu la ukubwa wa pini mara nyingi ni la kurudisha mipangilio ya kiwandani, siyo la trei. Ukilibonyeza sekunde kadhaa kifaa kikiwa kimewaka, jina na nywila ya Wi-Fi ulizoweka vinafutika na kurudi vile vilivyoandikwa kwenye lebo. Soma maandishi ya pembeni kwanza.

Adapta, ile fremu ya plastiki ya kuigeuza nano kuwa kubwa, inafanya kazi, lakini ndiyo inayoua mifi nyingi. Ukiingiza fremu tupu, au nano ikichomoka humo ndani, vijisindano vinanyanyuka kwenye uwazi na kunasa ukingo wa plastiki. Ukivuta, unavikunja au kuving'oa. Ikikwama, usivute: pitisha kipande chembamba cha plastiki ngumu, kwa mfano kilichokatwa kwenye chupa ya maji, kati ya fremu na vijisindano, kisha vitoe vyote pamoja.

Kwa Dodoma kuna la ziada, vumbi. Miezi ya kiangazi yenye upepo, mifi iliyokaa dirishani Nkuhungu au Ihumwa hujaa unga mwekundu chini ya mfuniko. Futa dhahabu ya laini kwa kitambaa laini kikavu, na sehemu ya vijisindano kwa brashi laini ya rangi. Usipulize kwa mdomo. Mate na vumbi vinageuka tope.

Ukishawasha, subiri dakika moja au mbili, kisha soma kifaa kinasema nini, maana “laini haisomi” ni jina la matatizo matatu tofauti. NO SIM maana yake kadi haigusi, au imekufa. Ijaribu kwenye simu ujue ni ipi. Kikitaka PIN, laini inasomeka ila imefungwa. Ukikosea mara 3 kitataka PUK, namba ya kuifungulia laini, yenye tarakimu 8, na ukikosea hiyo mara 10 laini imekwisha kabisa. Dawa, kabla hujafika huko, ni kuirudisha kwenye simu, kuzima ulinzi wa PIN, ndipo uihamishe.

La tatu: kadi inasomeka lakini hakuna intaneti. Hapo usiendelee kuichomoa na kuirudisha. Ukiwa kijijini upande wa Bahi au Mpwapwa, huenda ni mnara tu. Huenda APN, ile mipangilio inayokiunganisha kifaa na intaneti ya kampuni, si ya kampuni hiyo. Huenda mifi uliyonunua kwenye kampuni moja imefungwa kwa laini zake, na inataka msimbo wa kufungulia, ambao majaribio yake yana kikomo, kwa hiyo usibahatishe. Au usajili una kasoro: laini zinasajiliwa kwa namba ya NIDA na alama za vidole, na kwa kupiga *106# kwenye simu unaona namba zilizo chini ya jina lako.

Ukiweka kwenye mifi laini unayotumia kwa pesa, ujumbe wa miamala na namba za uhakiki za benki zitaingia humo. Fungua kivinjari ukiwa umeunganishwa na Wi-Fi yake, andika anwani iliyo kwenye lebo (Huawei nyingi ni 192.168.8.1, nyingine 192.168.0.1 au 192.168.1.1), ingia, tafuta sehemu ya SMS. Menyu za nyota na reli kama *150*00# hazipatikani kwenye kila mifi, kwa hiyo kwa kazi hiyo laini tofauti ya data inakupunguzia kuchomoa na kurudisha kila ukitaka kulipia LUKU.