Je, wajua kwa nini bomba la maji ya mvua hukaguliwa siku ya jua kali?

Puyallup ni mji mdogo katika jimbo la Washington, kaskazini-magharibi mwa Marekani, wenye watu kama 43,000. Mto wenye jina hilohilo unashuka kutoka kwenye barafu ya Mlima Rainier, unaupita mji huo na kumwaga maji baharini huko Tacoma. Ni nchi ya mvua za muda mrefu. Hata hivyo, kazi moja kubwa ya mafundi wa mitaro katika miji ya namna hii hufanyika kiangazi, ardhi ikiwa imekauka.

Fundi anateremka ukingoni hadi kwenye mdomo wa bomba la maji ya mvua. Likiwa kavu, anaandika na kwenda kwa jingine. Likiwa linachuruzika, hapo pana kesi. Mvua haijanyesha siku kadhaa. Maji haya yametoka kwa nani?

Chini ya barabara za mji kama huo kuna mabomba ya aina mbili. Moja hubeba maji taka ya chooni na jikoni hadi kwenye mtambo wa kuyasafisha. Jingine hupokea maji ya mvua kutoka barabarani na kuyapeleka mtoni moja kwa moja, bila kusafishwa popote. Oili chafu iliyomwagwa mtaroni asubuhi inaweza kuwa mtoni kabla ya jioni. Sisi wa Dar es Salaam mitaro yetu mingi iko wazi, na anayetapisha choo mvua ikinyesha anajua fika uchafu wake unaelekea wapi. Kule bomba limezikwa, na mtu huosha ndoo ya rangi kando ya barabara akiamini kuwa kuna mtambo mbele utakaoyasafisha maji yake.

Basi fundi anakinga maji yale kwenye chupa na kuyapima. Yakiwa na amonia nyingi, huenda ni ya chooni. Yakiwa na sabuni, kuna anayefua au kuosha magari. Klorini humwelekeza kwenye bomba la maji safi linalovuja, au bwawa la kuogelea lililofunguliwa. Kisha anapanda na mtaa, akifunua chemba moja baada ya nyingine. Yenye maji, anaendelea kupanda. Akikuta kavu, anajua amepita chanzo. Mwisho zinabaki nyumba mbili tatu. Anabisha hodi, anaomba ruhusa, anatia rangi ya kijani chooni na kuvuta maji, huku mwenzake akichungulia chembani. Ukijani ukitokea kwenye bomba la mvua, mambo yamejulikana. Mara nyingi mwenye nyumba hushtuka kuliko wote, kwa sababu kosa ni la fundi wa zamani aliyeunga bomba la choo pasipo pake.

Sheria ya Maji Safi ya Marekani ni ya mwaka 1972, lakini ilianza kwa kubana viwanda na mitambo ya maji taka. Maji ya mvua ya mijini yaliingizwa rasmi mwaka 1987, na miji midogo ikafikiwa na kanuni za mwaka 1999. Tangu hapo hata mji wa ukubwa huu huhitaji kibali cha kumwaga maji ya mvua mtoni, na kibali kina masharti: wananchi waelimishwe, maeneo ya ujenzi yazuie tope lisitoke, chemba zikaguliwe na kuzolewa. Kuzoa chemba ni kazi isiyosifiwa na mtu, nami naiona ya thamani kubwa. Sakafu ya chemba huwa chini kuliko bomba la kutokea, ili mchanga na vumbi la breki vituame. Isipozolewa, mvua kubwa inayofuata huukoroga uchafu wote na kuusukuma mtoni.

Lakini kuna sumu isiyo na nyumba ya kubishiwa hodi. Kwa miaka mingi samaki wa samoni aina ya coho walikuwa wakirudi kutoka baharini kwenye vijito vya mijini vya eneo hilo na kufa kabla ya kutaga mayai, kila baada ya mvua. Mwaka 2020 watafiti walitangaza chanzo. Tairi hutiwa dawa iitwayo 6PPD ili zisipasuke haraka. Dawa hiyo ikikutana na ozoni hewani hugeuka kitu kingine, nacho huua samaki hao kwa saa chache. Kila gari linapopita huacha vumbi la tairi. Utamkamata nani?

Hapa udongo ndio uliosaidia. Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington kina kituo cha utafiti hapohapo Puyallup, na watafiti wake pamoja na wenzao walikusanya maji ya mvua kutoka barabara kuu yenye magari mengi. Samoni waliowekwa katika maji hayo ghafi walikufa. Waliowekwa katika maji yaleyale, baada ya kupitishwa kwenye mapipa ya mchanga, mboji na magome ya miti, waliishi. Kwa njia hiyohiyo, kwenye baadhi ya mitaa ya mji huo utaona bustani zimechimbwa chini kidogo ya usawa wa barabara, na ukingo wake umekatwa makusudi ili maji ya mvua yaingie humo kwanza.