Trela la kukunja la mtumba: mnayoambiwa na yaliyo kweli

Kila theluji ikiyeyuka kwenye majimbo ya kaskazini ya Marekani, matrela ya kukunja huanza kuchomoza mbele ya nyumba za watu yakiwa na kibao cha "linauzwa". Wenyewe huku wanayaita pop-up. Likiwa limefungwa ni boksi fupi, pana, juu limefunikwa paa kama kifuniko cha kontena la chakula. Ukizungusha kipini, paa linanyanyuka, vitanda viwili vinavutwa kimoja mbele na kimoja nyuma, kuta za turubai zinasimama, na watu sita wanapata pa kulala. Familia za Waswahili wa huku, zenye watoto watatu wanne na Toyota Sienna ya kuwabebea, zimeanza kuyatamani. Sisi tulikagua manne kabla ya kununua la tano, na katika kuzunguka huko nimesikia mengi ambayo hayakuwa kweli.

"Liko safi, halina haja ya kufunguliwa"

Hii ndiyo ya hatari kuliko zote. Mtu akikuuzia trela la kukunja likiwa limefungwa, amekuuzia mbuzi kwenye gunia, na safari hii gunia lenyewe ndilo bidhaa. Ugonjwa wake mkubwa ni maji, na maji hufanya kazi yake kwa siri: yanapenya kwenye kona za paa au penye tundu la hewa, yanashuka ndani ya mbao, na mbao zinaoza chini ya zulia la plastiki linalong'aa.

Trela la tatu tulilokwenda kuliona lilikuwa limepuliziwa manukato mpaka macho yakawasha. Binti yangu wa miaka saba akasema, "Baba, linanuka kama dekio." Nikainua godoro, nikachukua bisibisi na kuigusisha ubao wa sakafu pale kwenye kona, bila kutumia nguvu. Ikazama kama kidole kwenye andazi lililolowa chai. Mwenyewe akasema hajui ilikuwaje. Huenda kweli hakujua, maana alilifunga Septemba na kulifungua siku ile.

Kwa hiyo sharti la kwanza ni kulikuta limefungwa na mwenyewe alifungue mbele yako. Angalia paa likipanda: kona zote nne ziende sawasawa. Moja ikibaki nyuma, nyaya na kapi za kunyanyulia zina kasoro, na ufundi wake si wa mchana mmoja. Likishasimama, ingia, funga mlango jua likiwa kali, kisha tazama turubai kwa ndani. Vitundu vitajionyesha kama nyota. Pita kwenye mikunjo, maana ndiko panya hupenda kulala majira ya baridi. Madoa meusi yenye vidotidoti ni ukungu, na hautoki wote hata ukisugua vipi. Turubai jipya zima linaweza kuzidi dola 1,000, na kwa matrela mengi ya zamani hiyo inakaribia bei ya trela lenyewe.

"La karibuni ndilo bora"

Si lazima. La mwaka 2003 lililolala gereji kila baridi linaweza kulishinda la 2016 lililoachwa chini ya miti. Uliza lilikuwa linalala wapi kabla ya kuuliza ni la mwaka gani.

Umri una maana kwenye vipuri. Mengi ya zamani yenye jina la Coleman yalitengenezwa na Fleetwood, kampuni iliyoomba ulinzi wa kufilisika Machi 2009. Jina la Coleman limeonekana tena baadaye kwenye matrela ya mtengenezaji mwingine kabisa, kwa hiyo usitarajie duka linalouza mapya likutafutie kapi ya la mwaka 1998. Utategemea wauzaji wadogo wa vipuri na matrela yaliyochinjwa.

"Gari langu linavuta 3,500, trela lina 2,400, tumemaliza"

Hatujamaliza. Ni kweli Sienna na Honda Odyssey nyingi za miaka ya karibuni zimeidhinishwa kuvuta paundi 3,500, yaani kama kilo 1,590, zikiwa na vifaa vinavyotakiwa. Lakini zile 2,400 ni uzito wa trela tupu kiwandani. Weka mtungi wa gesi, betri, kiyoyozi juu ya paa, masufuria, matandiko. Tangi la maji la galoni 20 likijaa, peke yake ni kama paundi 167.

Halafu kuna hesabu ambayo watu wanairuka. Fungua mlango wa dereva usome ile stika inayosema uzito wa abiria na mizigo usizidi kiasi gani. Tuseme imeandikwa paundi 1,200. Baba na mama 330, watoto wanne 320. Trela nalo linakandamiza ndoano ya gari, na inatakiwa iwe kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wake: trela la 2,900 likikandamiza kwa asilimia 11 ni karibu 320. Jumla 970. Zimebaki 230 za friji ya barafu, mkaa, baiskeli na ule mfuko wa mchele ambao mama hawezi kuuacha nyumbani. Na bibi hajapanda.

Breki pia. Majimbo mengi yanadai trela liwe na breki zake likifika paundi 3,000, mengine chini ya hapo. Trela likiwa na breki za umeme lakini gari halina kifaa cha kuziongoza, breki hizo ni pambo.

"Tairi bado zina meno"

Tairi za trela hufa kwa uzee kabla ya kuisha meno. Tafuta alama ya DOT ubavuni, soma tarakimu nne za mwisho: 2318 ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Zikifika miaka mitano au sita, hesabu kwamba unanunua mpya, na zikatwe kwenye bei.

"Ni dakika kumi tu, limesimama"

Dakika kumi za muuzaji aliyelifungua mara mia, peke yake, kwenye saruji. Kambini kuna kuweka vizuizi vya magurudumu, kusawazisha, kushusha miguu, kunyanyua paa, kuvuta vitanda, kuweka nguzo zake, kubana turubai pande zote, huku mmoja anataka choo na mwingine amepotelea kwenye vichaka. Sisi mwaka wa kwanza ilikuwa kama saa nzima. Sasa tunakaribia nusu saa, mvua isiponyesha.

Mvua ikinyesha asubuhi ya kuondoka, utalikunja bichi. Hilo halina kosa, ila ndani ya siku moja au mbili lazima lifunguliwe tena likauke, la sivyo ukungu unaanza. Sasa jiulize: utalifungulia wapi? Boksi la futi 10 likifunguliwa linakaribia futi 20. Ukikaa ghorofa ya tatu, au mtaa ambao chama cha wenye nyumba hakitaki kuona trela nje, basi hata upewe bure sikushauri. Hili kwangu ndilo swali la kuamua, kuliko bei na kuliko gari.

"Ukiwa nalo unalala popote"

Kambi ya Fishing Bridge ndani ya hifadhi ya taifa ya Yellowstone hairuhusu hema wala trela la turubai, kwa sababu ya dubu aina ya grizzly. Wanataka kuta ngumu. Yapo matrela ya kukunja yenye kuta ngumu, yakisimama yana umbo la pembetatu, Aliner wakiwa miongoni mwa wanaojulikana, lakini mengi yanatosha watu wawili hadi wanne. Wenye watoto wanne wataishia kununua hema la pembeni.

Na msije mkadanganywa na lile jiko la ndani. Nilikaanga samaki humo mara moja, mwezi wa sita. Turubai lilishika harufu hadi mwezi wa tisa, na kwenye nchi ya dubu harufu hiyo si jambo la kuchekesha. Pikieni nje.

"Karatasi tutamalizia baadaye"

Yapo majimbo yasiyotoa hati ya umiliki kwa matrela madogo, na wajanja wanaijua nafasi hiyo. Piga simu ofisi ya usajili ya jimbo lako kabla ya kwenda, uliza wanataka karatasi gani. Siku ya kununua, linganisha namba iliyogongwa kwenye chuma cha trela na ile ya kwenye karatasi, tarakimu kwa tarakimu. Ikipishana hata moja, geuza gari na hela zako mfukoni.